Mvua ya Mawe Si Ile Uliyoizoea



Mwezi uliopita, baada ya mkutano wetu wa akina mama kanisani, mama mmoja alinivuta kando. Binti yake ameolewa na anaishi Texas, Marekani, karibu na mji wa Dallas, pamoja na mumewe na watoto wawili wadogo. Alikuwa amempigia mamake simu akicheka. Ving'ora vya mji vilikuwa vimelia, majirani wakakimbilia ndani, na yeye akatoka nje kuanua nguo. "Mama, ni mvua ya mawe tu," alisema. "Mimi nimezaliwa Kericho!"

Mamake hakucheka. Aliniuliza kama kuna hatari. Nilimwambia ipo, tena kubwa, na kwa kuwa wengi wetu tuna watoto au ndugu ng'ambo, nayaandika hapa niliyomweleza.

Ni kweli kwamba Kericho na Nandi ni kati ya sehemu zinazopata mvua ya mawe mara nyingi zaidi duniani. Sisi tuliolelewa huko tunaijua. Inapiga mabati hadi hamsikizani, inachanachana majani ya chai, halafu watoto wanatoka na vikombe kuokota barafu. Mara nyingi mawe yenyewe ni kama punje za mahindi. Anayelia ni mwenye shamba. Kwa hiyo tumejifunza kuidharau, na dharau hiyo binti huyu aliibeba pamoja na sanduku lake.

Huko Texas, kati ya Machi na Juni baridi inapokwisha, hewa ya joto yenye unyevu kutoka Ghuba ya Mexico hukutana na hewa kavu ya magharibi, na juu kuna baridi kali. Upepo hupanda kwa nguvu ndani ya wingu, ukiliinua tone lililoganda na kuliongeza barafu juu ya barafu, mpaka linakuwa zito kuliko upepo unavyoweza kulibeba. Hapo huanguka. Jiwe la ukubwa wa chungwa hushuka kwa kasi inayozidi kilomita 100 kwa saa. Tarehe 23 Julai 2010, huko Vivian, South Dakota, liliokotwa jiwe la barafu lenye upana wa sentimita 20 na uzito wa karibu gramu 900. Fikiria pakiti ya kilo moja ya sukari ikianguka kutoka mawinguni.

Je, huua? Ndiyo. Tarehe 30 Aprili 1888, karibu na Moradabad nchini India, mvua ya mawe iliua watu 246 pamoja na mbuzi na kondoo wengi.

Lakini kwa binti wa rafiki yangu nilitoa mfano wa karibu naye. Tarehe 5 Mei 1995, maelfu ya watu walikuwa kwenye sherehe ya familia uwanjani Fort Worth, jirani na Dallas. Mawe makubwa yakawakuta mahali pa wazi. Zaidi ya watu 100 waliumia, na wazazi waliwafunika watoto kwa miili yao. Hata hivyo, vifo vya usiku ule, ambavyo vilizidi kumi, vingi vilitokana na mafuriko ya ghafla eneo la Dallas. Hili wengi hawalitazamii. Mawe yakikoma, mtu huwasha gari aende nyumbani, na maji yanayopita barabarani, hata yakiwa sentimita 30 tu, yanaweza kusukuma gari dogo. Radi nayo haijaondoka. Subirini ndani nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho.

Ving'ora vikilia, basi, nguo ziache kwenye kamba. Wapeleke watoto chumba cha ndani cha chini kabisa, mbali na madirisha, maana dhoruba hizi huweza kuleta pia kimbunga cha kuzunguka kinachong'oa mapaa. Mkikutwa garini, egesheni mahali salama nje ya barabara, watoto wageuze migongo kwa vioo, na uwafunike blanketi au koti. Msijazane chini ya daraja la barabara kuu. Mnaziba njia ya wengine, na upepo hupita hapo kwa nguvu.

Sasa jambo ambalo nililiona mwenyewe hapa kwetu. Nilipokuwa muuguzi kijana katika zahanati moja ya milimani, aliletwa mtoto wa miezi minane. Mamake alikuwa ametoka kuokoa mahindi yaliyoanikwa, mtoto akiwa mgongoni. Mawe yalipozidi aliinama, kama ambavyo kila mmoja wetu angefanya, akaficha uso wake. Alipoinama, mtoto ndiye aliyebaki juu. Jiwe lilikuwa kama ndimu. Mtoto alitapika mara tatu njiani, na mama alirudia neno moja tu: "Niliinama, sista." Tulimpeleka hospitali kubwa, na baada ya siku kadhaa alirudi mzima. Tangu siku ile nawaambia akina mama kliniki: ukikutwa nje, mlete mtoto kifuani kwanza, ndipo uiname juu yake.

Aliyepigwa kichwani, hata kama amenyamaza na anacheza, mwangalie siku nzima na usiku wake. Damu ikitoka, gandamiza kwa kitambaa safi, ila usigandamize palipobonyea. Usimpe mtoto aspirini. Mvue nguo zilizolowa, mkaushe, mfunike, kwa sababu barafu hushusha joto la mwili upesi. Akitapika tena na tena, akisinzia na kuwa mgumu kuamka, akishikwa na degedege, mboni za macho zikitofautiana ukubwa, au maji maji yakitoka puani au sikioni, usingoje kupambazuke. Hospitali. Kwa mtoto mchanga, utosi uliovimba au kilio kisichonyamazika ni dalili hiyo hiyo.

Mama yule alimpigia binti yake jioni ile ile, nami nikiwa kando. Binti alinyamaza kidogo, kisha akauliza kama kofia ngumu za baiskeli za watoto zingefaa kuwavalisha dhoruba inapokuja.

Zinafaa sana. Aziweke pale pale kwenye chumba cha ndani.