Kabla ya Safari ya Dar es Salaam

Wanafunzi wa biashara wa Kigali wanaokwenda Dar es Salaam kwa ziara ya masomo hushughulikia mapema pasipoti, nauli na mavazi. Lugha ya biashara husahauliwa, ingawa Kiswahili ni lugha rasmi hapa Rwanda tangu 2017. Salamu tunazokariri darasani hazitoshi bandarini. Sehemu kubwa ya shehena yetu hupitia bandari ile, kisha huletwa kwa malori hadi Rusumo. Asiyejua wakala wa forodha ni nani, au kwa nini kontena likicheleweshwa kurejeshwa mwagizaji hutozwa faini, ataelezwa mengi na kuambulia machache.

Kwa maoni yangu, wiki mbili kabla ya kuondoka, nendeni kwenye maegesho ya malori hapahapa Kigali. Madereva wengi wanaotoka pwani wanazungumza Kiswahili, na wakiwa wanangoja kushusha mizigo hawakosi nafasi ya maongezi. Mwamkieni mtu mzima “shikamoo”, kisha muulizeni: njiani alisimama wapi, kwenye mizani alikaa muda gani, na gharama ya siku zilizopotea humwangukia nani? Andikeni kila neno msilolijua. Mkifika Dar es Salaam, mpelekeeni wakala swali hilo la mwisho, mlinganishe majibu.