Umati Hauna Dini



Haya maneno nimekaa nayo moyoni siku kadhaa. Najua nikiyaandika nitatukanwa, na pengine kuna watakaouhama huu ukurasa. Sawa. Tukaneni, lakini mkimaliza nijibuni swali moja nililoliweka mwisho.

Kwenye grupu la WhatsApp la mtaa wetu ilitumwa video. Kijana wa miaka ishirini na kitu anaburutwa kutoka chumba cha kupanga, shati limechanika, anapigwa makofi, anaulizwa kwa ukali, "Sema wewe ni nani! Sema!" Nyuma kuna sauti inapiga takbira. Kabla ya Isha video ilikuwa imefika Likoni, imefika Mtwapa, imefika mpaka kwa jamaa zetu walioko Saudia.

Nikauliza kwenye grupu: jamani, nani ameona nini? Jibu nililopata ni kwamba walionekana wakiingia wawili, mlango ukafungwa. Basi. Vijana wawili wanaochangia kodi ya chumba, wametoka kazini, wakafunga mlango. Hebu niambieni, hapa Mombasa ni vijana wangapi wanaolala wawili au watatu chumba kimoja kwa sababu kodi haishikiki?

Simu yake wakachukua. Pesa za mfukoni wakachukua. Mpaka leo hakijarudi kitu.

Mamake huuza mahamri asubuhi. Siku nne hakuwasha jiko. Nilipokwenda kumjulia hali akaniambia, "Mwanangu, si wewe ndiye unayezunguka ukiwafundisha watu haki? Ya mwanangu umeiweka wapi?" Nilikosa la kusema. Andiko hili ndilo jibu langu kwake, ingawa limechelewa.

Sasa kabla hamjanibandika jina, nitasema msimamo wangu wazi. Ndoa kwetu Waislamu ni ya mume na mke, na sijaja hapa kulijadili hilo. Katiba ya Kenya nayo, kifungu cha 45, inasema kila mtu mzima ana haki ya kuoana na mtu wa jinsia tofauti na yake, kwa hiari yao. Kwa hiyo anayetaka kuja kunihutubia kuhusu ndoa amebisha nyumba siyo. Ninalolipinga ni umati. Na ninawapinga wanaoulisha umati huo maneno halafu wakarudi kwao kulala.

Tuanze na ndoa yenyewe inayopigiwa kelele. Ni nani aliyekwenda mahakamani Kenya kudai ndoa ya jinsia moja? Kesi kubwa iliyoamuliwa na Mahakama Kuu tarehe 24 Mei 2019 ilihusu vifungu vya 162 na 165 vya sheria ya jinai, kwamba watu wazima wasifungwe jela kwa wanayoyafanya faraghani. Walioleta kesi walisema hawadai ndoa. Na walishindwa. Vifungu vipo mpaka leo, na cha 162 kinabeba miaka 14.

Kisha ikaja Februari 2023. Mahakama ya Juu, majaji watatu dhidi ya wawili, ikasema bodi ya kusajili mashirika ilikosea ilipokataa shirika kusajiliwa kwa sababu tu lina neno la mashoga na wasagaji kwenye jina. Kesi ilikuwa juu ya jina na haki ya kukusanyika. Sheria ya jinai haikuguswa. Kesho yake mtaani, redioni, na samahani, kwenye mimbari kadhaa pia, habari ikawa "mahakama imehalalisha ndoa za mashoga". Tukaandamana. Tukalia. Wangapi kati yetu tulikuwa tumeisoma ile hukumu? Mimi mwenyewe sikuwa nimeisoma. Nilifowadi bango la maandamano kwanza, hukumu nikaisoma baadaye.

Na si mara ya kwanza. Mwaka 2010, mwezi wa Februari, Mtwapa, ulitoka uvumi kwamba kuna harusi ya wanaume wawili. Viongozi wa dini, Waislamu kwa Wakristo, wakapaza sauti. Watu wakajaa. Unajua walikwenda wapi? Kwenye kituo cha afya cha KEMRI, mahali watu wanapopimwa na kutibiwa virusi vya ukimwi. Watu wakapigwa. Polisi wakawachukua wengine ili wasiuawe. Na harusi? Hakukuwa na harusi. Umati ulikwenda kuvunja sherehe, ukaishia kwenye mlango wa daktari. Mgonjwa aliyekuwa kwenye foleni siku ile, awe nani awe nani, baba wa watoto sita au mama mjamzito, alirudi lini kuchukua dawa zake?

Twende Kwale, mwaka 2015. Wanaume wawili wanakamatwa, wanaletwa hospitali ya umma hapa Mombasa, wanalazimishwa kupimwa sehemu za siri kutafuta ushahidi, na damu yao inapimwa bila hiari ya kweli. Mwaka 2016 Mahakama Kuu hapahapa Mombasa ikasema ni sawa. Machi 2018 Mahakama ya Rufaa ikasema la, serikali haiwezi kuutumia mwili wa mtu hivyo kumtafutia kosa.

Kuna wenzetu walinuna kwa uamuzi ule. Mimi nawaambia tusome vizuri. Ule uamuzi unamlinda kila mtu atakayewahi kufungiwa kwenye chumba cha polisi akiwa peke yake. Na nani, ndugu zangu, anayefungiwa vyumba hivyo zaidi ya vijana wetu?

Maana sisi hapa tunalijua jambo hili kuliko wengine. Tunajua kushukiwa kwa sababu ya ndevu. Tunajua kijana kuitwa gaidi kwa sababu aliswali msikiti fulani. Mwaka 2014 Masjid Musa ulivamiwa na polisi kwa viatu, na miezi miwili baadaye maelfu ya watu Nairobi, wengi wao Wasomali, wakazolewa barabarani na majumbani wakapelekwa uwanja wa Kasarani. Ushahidi? Sura. Jina. Mtaa anaotoka. Majirani wengine wa Kenya walitazama kwenye runinga wakasema, "Bora wachunguzwe, kwani hawana la kuficha?" Tulisikia uchungu gani siku ile?

Leo ni sisi tunaomwambia kijana wa watu, "Kwani hana la kuficha? Mbona amefunga mlango?"

Kila tunapokwenda stesheni kumtafuta kijana aliyechukuliwa, tunabeba Katiba. Kifungu cha 28, utu. Cha 29, mtu asifanyiwe ukatili, na pale imeandikwa kabisa kwamba ni ukatili wa serikali na pia ukatili wa mtu binafsi. Cha 49, afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Cha 50, ahesabiwe hana hatia mpaka ithibitishwe. Nimevisoma mara nyingi nikiwa nimesimama kaunta ya polisi usiku. Hakuna hata kimoja kilichoandikwa "isipokuwa yule ambaye mtaa umemchoka". Siku tutakapokiongezea maneno hayo kwa ajili ya jirani, polisi watakuwa wa kwanza kuyatumia kwetu.

Haya, mtasema hiyo ni Katiba ya watu, tuletee dini. Nakuja huko.

Dini imetukataza kupelelezana. Imetuamuru habari ikiletwa na mtu asiyeaminika tuihakiki kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukajuta. Imemwekea adhabu ya viboko themanini anayemsingizia mtu uzinifu bila mashahidi wanne. Hayo si maneno ya shirika la Ulaya, yamo kwenye sura ya Al-Hujurat na sura ya An-Nur, na watoto wa madrasa wanayajua. Sasa yule aliyeshika simu akarekodi, mashahidi wake wanne wako wapi? Waliofowadi mia mbili wamehakiki nini? Kwa mizani ya dini hiyohiyo mnayoipigia takbira, anayepaswa kusimama mbele ya kadhi kujieleza siku ile hakuwa yule aliyechaniwa shati.

Na kwa sheria ya nchi mambo ni mabaya zaidi. Kumpiga mtu mpaka kumuumiza ni miaka mitano, kifungu cha 251. Kumnyang'anya simu kwa nguvu mkiwa wawili au zaidi ni wizi wa mabavu, kifungu cha 296, na adhabu iliyoandikwa pale ni kifo. Vijana wetu waliomtoa yule mwenzao chumbani walidhani wanalinda maadili. Wamejiingiza kwenye kesi ambayo hakuna kamati ya mtaa itakayoweza kuwatoa.

Nije kwa waheshimiwa. Mwaka 2023 ulikuwa mwaka gani? Bei ya unga ilikuwa imetushinda. Sheria ya Fedha ikapandisha ushuru wa mafuta kutoka asilimia 8 hadi 16. Mwaka huohuo, ghafla, kila mwanasiasa akawa mlinzi wa familia, na mswada wa kulinda familia ukaandikwa wenye adhabu nzito mno. Sawa. Tuulize familia za Kisauni, Likoni na Old Town zinalindwa na nini. Kijana aliyemalizwa na unga ule mwingine, anayelala chini ya mnazi, si mtoto wa familia? Dada aliyepelekwa Ghuba na wakala, simu yake ikazimwa, si wa familia? Mzee aliyezaliwa kwenye shamba na mpaka anazeeka hana hati, si baba wa familia? Kuyasemea hayo kuna gharama, kwa sababu utagusa wenye pesa. Kumsema kijana asiye na wakili hakuna gharama, na makofi unapigiwa.

Wengine watasema, "Hii ni ajenda ya wazungu." Ndugu yangu, hata hicho kifungu cha 162 hakikutungwa na wazee wa Lamu. Maneno yake yalitoka kwa Waingereza, wakayaweka India mwaka 1860, wakaja nayo huku pamoja na bendera yao. Kwa hiyo tusidanganyane kuhusu nani katoka wapi. Tupimeni jambo lenyewe: kumburuta mtu uchi barabarani, hiyo ni mila ya nani?

"Sasa unataka tukae kimya?" Sikusema hivyo. Mwenye nasaha na anasihi, kwa siri na kwa adabu, kama tulivyofundishwa kunasihi. Mzazi na azungumze na mwanawe. Sheikh na atoe darsa. Mwenye hoja ya sheria aende bungeni au mahakamani, kama walivyokwenda wengine. Hapo ndipo mnaposema yenu, nami niseme yangu. Lakini mkono ukishapanda juu, mazungumzo yamekwisha.

Ninayoyaomba ni machache. Video ikifika kwenye simu yako, iishie hapo, ifute. Imamu, ukitaja jambo hili kwenye khutba ya Ijumaa, usishuke mimbari kabla hujasema kwamba damu, mali na heshima ya mtu ni haramu. Mzee wa mtaa, ukisikia kelele, toka uende, maana baada ya nusu saa utakuwa unakwenda kufunika maiti. Na sisi wanaharakati wa haki, mtu yeyote akiletwa stesheni na umati tutakwenda kumtazama, kama tunavyokwenda kwa wengine wote. Mimi nitakwenda.

Swali langu ni hili. Umati ukija mlangoni kwako kesho, kwa uvumi ambao hukuuanzisha, kwa jina lolote watakalokuwa wamekupa, iwe shoga, gaidi au mchawi, utataka jirani yako afanye nini?

Basi mfanyie hivyo mtoto wa mama wa mahamri.

Wabillahi tawfiq.