Anayempima mwalimu apime nini?

Zamani, habari za kuja kwa mkaguzi zilipofika shuleni, sakafu zilisuguliwa, madaftari yalisahihishwa usiku kucha na azimio la kazi likanakiliwa upya kwa wino safi. Mkaguzi alikaa nyuma ya darasa, akaandika, akaondoka. Alichokiandika kiliingia katika jalada, na mara nyingi mwalimu hakupata kujua zaidi ya kwamba somo lake lilikuwa "zuri", "la wastani" au "hafifu". Watoto nao waliendelea na mwalimu yule yule, kwa mtindo ule ule.

Siku hizi wakaguzi wetu huitwa wathibiti ubora wa shule, na jalada lile linahamia katika kompyuta. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 viligawiwa walimu baada ya kazi hiyo kwisha, na katika nchi nyingi ziko programu ambazo mtazamaji wa somo huzifungua akiwa darasani, akajaza aliyoyaona, na taarifa ikawafikia wakubwa bila kusubiri posta.

Ndugu msomaji, waweza kudhani kwamba hayo ni mambo ya walimu na maofisa wao, wala hayamhusu mzazi anayetoka kazini jioni na kugombania basi. La hasha. Programu haijui somo jema ni lipi. Huuliza yale tu iliyoandikiwa kuuliza. Na mwalimu, akiwa mtu mwenye akili na familia ya kulisha, atatilia mkazo yale anayojua kwamba yataulizwa. Kwa hiyo yule anayeketi mezani kuandika vigezo vya programu ndiye anayeamua, kimya kimya, mtoto wako atafundishwaje.

Tuchukue mfano. Kigezo kikisema, "Mwalimu ana andalio la somo," basi andalio litakuwapo, hata kama limenakiliwa kutoka la mwaka jana. Kikisema, "Mwalimu aliwapa nafasi ya kujibu wanafunzi wa pande zote za darasa," basi mwalimu atajizoeza kufika kwenye dawati la mwisho, alikoketi yule mtoto mkimya ambaye hajaulizwa swali tangu shule ifunguliwe. Kigezo cha kwanza chapima karatasi. Cha pili chamgusa mtoto.

Wenzetu walivyofanya

Jirani zetu wa Kenya wanayo ya kutufunza. Mpango wa Tusome, ulioenezwa katika shule za msingi za umma nchini humo kuanzia mwaka 2015, ulikusudia watoto wa madarasa ya chini wajue kusoma Kiswahili na Kiingereza. Maofisa wa mtaala wanaozungukia shule walipewa vishikwambi vyenye programu iitwayo Tangerine, inayoweza kujazwa hata mahali pasipo na mtandao na taarifa ikatumwa baadaye. Kifaa kilinakili mahali afisa alipokuwa, na fedha za nauli zikafuata ziara zilizothibitika. Ripoti ya kutungwa chini ya mwembe ikawa si rahisi tena. Wahenga walikwisha sema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka.

Lakini lililo kubwa zaidi si nauli. Somo lilipokwisha, afisa aliwasikiliza watoto watatu wakisoma. Yaani ndani ya vigezo vya kumtazama mwalimu, mtoto alitengewa nafasi yake, na mazungumzo ya afisa na mwalimu yakaanzia hapo.

Mfano wa pili ni chombo kiitwacho Teach, kilichotolewa na Benki ya Dunia mwaka 2019 kwa ajili ya shule za msingi. Mtazamaji hutazama sehemu mbili za somo, kila moja ya dakika 15, akapima mambo 9 yaliyopangwa katika mafungu matatu: utamaduni wa darasa, ufundishaji wenyewe, na malezi ya hisia na mahusiano ya watoto. Mambo hayo 9 yamechambuliwa kuwa vitendo 28 vinavyoonekana kwa macho. Je, mwalimu huwatendea wanafunzi wote kwa heshima? Je, hupita kuona kama wameelewa? Na huyo mtazamaji hatumwi darasani mpaka afundishwe na kufaulu mtihani, ili watu wawili wakitazama somo moja wasitoe hukumu mbili zilizo mbali kama mashariki na magharibi.

Namna ya kuandika kigezo

Kutokana na hayo, anayetayarisha programu ya namna hii hapana budi ashike mambo machache.

Kwanza, vigezo viwe vichache. Mtu mmoja hawezi kutazama mambo hamsini katika kipindi kimoja. Ataishia kutia alama bila kuinua macho. Pili, kila kigezo kitaje tendo, si tabia. "Mwalimu ana bidii" ni maneno ya barua ya sifa. "Mwalimu alisahihisha kazi za wanafunzi na kuwaeleza walipokosea" ni jambo ambalo ama lilitendeka ama halikutendeka. Tatu, kila alama ielezwe kwa maneno. Asiyejua tofauti ya 3 na 4 atampa rafiki yake 4.

Nne, kando ya alama iwepo nafasi ya ushahidi, ambamo mtazamaji ataandika alichokiona na kusikia, na fomu isikubali kufungwa nafasi hiyo ikiwa tupu. Tano, fomu iulize hali ya darasa. Uwiano uliowekwa kwa shule zetu za msingi ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Mwalimu anayefundisha watoto mia moja, wanne kwa kitabu kimoja, si haki apimwe kana kwamba hayo hayapo. Sita, mwisho wa fomu yaandikwe mambo mawili tu: moja la kuendelea nalo na moja la kurekebisha, pamoja na tarehe ya kurudi kuona kama limerekebishwa. Mwalimu aliyekabidhiwa kasoro kumi na mbili kwa siku moja hataanza na hata moja.

Jalada ni la nani?

Wako wanaosema kwamba alama hizo zitumike pia kupandisha vyeo na kuadhibu wazembe. Hoja hiyo si ya kupuuzwa, maana fedha za wananchi hazilipwi ili mtu asinzie darasani. Lakini tufikiri litakalofuata. Mwalimu akijua kwamba somo moja litaamua mshahara wake, atafundisha siku hiyo somo ambalo watoto wamekwisha lifanyia mazoezi, kama ngoma ya kumpokea mgeni. Mtazamaji ataondoka na alama nzuri, na mtoto asiyejua kusoma atabaki hajui kusoma. Uzembe una taratibu zake za nidhamu, zitumike. Fomu ya kumsaidia mwalimu ibaki kuwa ya kumsaidia. Yeye mwenyewe awe wa kwanza kuisoma, tena awe na mahali pa kujibu, kwa sababu kila mwamba ngoma ngozi huivutia kwake, na mtazamaji naye ni mwanadamu.

Mzazi anayo sehemu yake. Kamati ya shule inapoitisha mkutano, twazoea kuuliza habari za michango, uji na matokeo ya mitihani. Tuongeze maswali mawili: Walimu wa watoto wetu hutazamwa na nani wakiwa darasani, na hutazamwa kwa mambo gani? Mwalimu mkuu aombwe vigezo visomwe mbele ya mkutano. Vikiwa vimeandikwa vema, hata mama muuza maandazi asiyejua kompyuta atavielewa, kwa sababu vitakuwa vikisema habari za mtoto wake: kama aliulizwa, kama alisikilizwa, kama alipokosea alielekezwa au alichekwa.