Boti za Starehe Rwizi? Ng'o!

Wanafunzi wenzangu hapa Kamukuzi wana wimbo mmoja: Mbarara ni jiji tangu Julai 2020, basi nalo lipate boti za kutembeza watalii katika Mto Rwizi, kama London. Eti watu wakiutazama mto kutoka botini wataupenda, na wakiupenda wataacha kuuchafua.

Mimi napinga, na shahidi wangu ni London hiyohiyo. Mwaka 1855 mwanasayansi Michael Faraday alisafiri kwa boti ya abiria katika Mto Thames, akachukizwa na uchafu aliouona hata akaliandikia gazeti. Boti ziliendelea kupita na mto ukaendelea kunuka. Mwaka 1858 uvundo uliingia bungeni, puani mwa waheshimiwa wenyewe, na hapo ndipo fedha za mifereji ya majitaka zilipopatikana haraka. Hata hivyo majitaka yalihamishiwa tu chini ya jiji. Septemba 1878 boti ya matembezi iitwayo Princess Alice iligongwa na kuzama huko huko yalikomwagwa. Walikufa watu zaidi ya 600.

Turudi kwetu. Rwizi unatoka vilima vya Buhweju, unapita mjini, kisha unaelekea kwenye maziwa ya Mburo na Nakivale. Ndio tunaounywa kwenye mabomba ya Mbarara. Vinamasi vyake vimekaushwa kwa mashamba na malisho, kingo zake zimechimbwa mchanga na udongo wa matofali, na kiangazi kikikaza maji hupungua sana. Boti itaelea juu ya nini? Labda wajenge ukuta wa kuyazuia maji. Na wakiyazuia hapa, huko chini kambi ya Nakivale, wakimbizi kutoka Kongo, Burundi, Somalia na Rwanda wanaotegemea ziwa lile watachota nini?

Tena najua atakayefukuzwa kwanza ili mandhari ipendeze: kijana anayeosha bodaboda kwa ndoo kando ya daraja. Mwenye ng'ombe aliyekausha kinamasi huko juu hataguswa, ingawa kanuni za mwaka 2000 za kulinda kingo za mito zinawahusu wote wawili. Waanze na huyo wa juu.

Mwenye hamu ya boti aende Hifadhi ya Ziwa Mburo. Si mbali, na viboko wapo.