Waacheni vijana warushe roketi zao

KASONGO, Maniema. – Leo sina habari ya barabara wala ya bei ya unga. Nina habari ya mchezo. Lakini watu wameanza kutukanana kwa ajili yake, kwa hiyo tuiseme wazi.

Karibu na soko kuna kibanda cha kuchaji simu chenye kompyuta moja inayotumia umeme wa jua. Mchana inaandika barua na kutoa kopi. Kuanzia saa kumi jioni vijana wanakaa mbele yake kwa zamu, wengi wao watoto wa familia zilizotoka upande wa Kabambare, wanajenga roketi na kuzirusha. Wasiopata zamu wako na mchezo wa namna hiyo katika simu, maana unapita kutoka simu moja hadi nyingine na hauhitaji rezo. Sasa wazazi fulani na wakubwa wa kartie wanataka mwenye kibanda akatazwe. Wameandika barua kwa shefu. Nimeisoma. Inasema mchezo huo ni uvivu, unamaliza umeme, na kwamba ni aibu mtoto wa mkimbizi kuwaza mwezi wakati mama yake anapanga foleni ya unga.

Neno la umeme nitalijibu chini, lina ukweli wake. Neno la aibu nalikataa tangu mwanzo.

Papa na mama mlioandika barua, nawauliza kwa heshima: nani kati yenu ameketi nusu saa akatazama wanachofanya? Mchezo wa kompyuta unaitwa Kerbal Space Program. Ulitengenezwa Mexico City na kampuni ya Squad, ukatoka mara ya kwanza mwaka 2011, na toleo kamili likatoka 2015. Shirika la anga la Marekani, NASA, lilishirikiana na watengenezaji wake mwaka 2014, na lile la Ulaya mwaka 2020. Wa simu unaitwa Spaceflight Simulator. Humo hakuna bunduki wala kamari. Unapewa matangi, injini, mabawa na miavuli, unaviunganisha unavyotaka, kisha unawasha. Ukikosea, inaanguka. Hakuna mganga wa kukuokoa wala mkubwa wa kumpigia simu.

Na wote wanakosea namna moja siku ya kwanza. Roketi haifiki, basi wanaongeza tangi. Bado haifiki, wanaongeza matangi manne. Sasa haitoki hata chini. Hapo ndipo kichwa kinaanza kufanya kazi.

Anayejua wasukuma baiskeli wetu wa safari ndefu ataelewa haraka kuliko mwenye diploma. Mtu anayesukuma vidumu vya mafuta ya mawese siku nyingi lazima abebe na chakula chake. Chakula nacho kina uzito, na uzito huo unataka nguvu, na nguvu inataka chakula kingine. Roketi ni msukuma baiskeli anayekula mzigo wake njiani. Ili kitu kibaki juu kikiizunguka dunia, karibu na dunia, kinahitaji mwendo wa kilomita 7.8 kwa sekunde moja, na ukiongeza kinachopotea kwa kupambana na hewa na uzito wake, unahitaji zaidi ya kilomita 9. Kama moto wa injini unatoka kwa mwendo wa kilomita 3 kwa sekunde, hesabu ni kali: katika kila kilo 20 zinazosimama chini kabla ya kuwasha, kilo 19 ni mafuta. Kilo 1 inayobaki ndiyo vyuma, injini, na huyo mtu unayetaka kumpeleka. Ndiyo sababu roketi hutupa matangi yaliyokwisha, kama msukuma baiskeli angetupa kidumu kitupu. Kijana mmoja wa miaka kumi na tano alinieleza jambo hili kwa kijiti, akichora chini, bila kutaja hata neno moja la shule. Mwaka huu hajaingia darasani kwa sababu ya ada.

Wakipita hapo wanakwenda kwenye ndege za anga za juu, zile zenye mabawa zinazopanda kama roketi na kurudi kutua kama ndege. Huko ndiko kuna kilio kikubwa. Kitovu cha uzito lazima kiwe mbele, na nguvu ya mabawa inayoinua ikae nyuma yake kidogo, kama mshale unaobeba uzito mbele na manyoya nyuma. Safari ya kwenda inakwenda vizuri. Mafuta yakiisha, uzito unahama. Kama ulipanga matangi vibaya, wakati wa kurudi ndege inageuka mkia mbele na kuvunjika. Nimeona vijana wakigombana saa nzima juu ya tangi moja, lisogezwe mbele au lisisogezwe. Walimwita fundi wa pikipiki aamue.

Kuna mwalimu aliyetia sahihi barua ile, naye aliniambia kwamba mchezo unadanganya. Nusu ya neno lake ni kweli. Dunia ya mchezo ule ni ndogo: kutoka kitovu hadi uso ni kilomita 600, na yetu ni 6,371. Kuizunguka ile kunahitaji mwendo wa kilomita 2.3 hivi kwa sekunde. Kwa hiyo vijana wetu wanapandisha ndege nzima bila kutupa kitu, jambo ambalo hadi leo hakuna taifa lililoliweza katika dunia ya kweli. Hata zile ndege za Marekani zilizoanza kuruka Aprili 1981 zilipanda na tangi kubwa na roketi mbili za pembeni. Lakini mwalimu, wao wanajua hayo. Ni wao walionieleza. Ukubwa wa dunia umepunguzwa, kanuni hazikupunguzwa. Ramani ya Maniema ukutani mwa darasa lako nayo ni ndogo kuliko Maniema, na hujaiita uongo.

Sasa nije kwa wale wanaosema roketi si mambo yetu.

Kwetu roketi zimesharushwa, na hatukuulizwa. Katikati ya miaka ya 1970 Mobutu alikodisha kwa kampuni ya Wajerumani, OTRAG ya Lutz Kayser, eneo la kilomita za mraba 100,000 katika Shaba, hadi mwaka 2000. Pima mwenyewe: hiyo ni karibu robo tatu ya jimbo letu lote. Mahali pa kurushia palikuwa juu ya mto Luvua, upande wa kule Manono. Luvua inaingia katika Lualaba pale Ankoro, na Lualaba hiyo hiyo ndiyo tunayoivuka sisi hapa magharibi ya Kasongo. Roketi ya kwanza iliruka tarehe 17 Mei 1977, ya pili 20 Mei 1978. Ya tatu, tarehe 5 Juni 1978, Mobutu mwenyewe akiwa anatazama, ilipinda na kuanguka. Mwaka 1979, baada ya kelele nyingi kutoka nchi nyingine, kampuni ilifukuzwa, ikahamia Libya.

Wazo lao lilikuwa lipi? Kufunga pamoja mabomba mengi membamba ya bei nafuu, kila moja na injini yake ndogo, hadi mamia, badala ya kujenga roketi moja ya gharama. Kila mtoto pale kibandani amelijaribu wazo hilo katika wiki yake ya kwanza! Anaweza kukuambia linapouma: injini zikiwa nyingi, moja ikichelewa kidogo, fungu zima linapinda. Wazee wa wakati ule waliona moshi tu, wakaambiwa ni siri ya serikali. Mjukuu wao anaweza kukaa akasema mabomba yale yalikuwa na tatizo gani. Mnataka kumnyang'anya hilo, kwa faida ya nani?

Mnakumbuka pia Jean-Patrice Keka, Mkongomani, aliyerusha roketi zake za Troposphère kutoka Menkao, mashariki ya Kinshasa. Troposphère 4 iliruka mwaka 2008. Mwaka 2009 Troposphère 5, ikiwa na panya ndani, ilipoteza njia. Video ikazunguka ulimwengu, watu wakacheka, na sisi tukacheka nao. Roketi ya Mjerumani iliyopinda tunaiita historia, ya Mkongomani iliyopinda tunaiita kichekesho. Kampuni ya SpaceX, ambayo leo kila mtu anaitaja, ilipoteza roketi zake tatu za kwanza za Falcon 1, moja 2006, moja 2007, na moja 2008 hiyo hiyo. Ya nne, Septemba 2008, ndiyo iliyofika. Keka hakuwa na fedha za kukosea mara nyingi hivyo. Pale kibandani mtoto anakosea mara arobaini kwa jioni moja na hakuna franka inayopotea isipokuwa ya umeme.

Niongeze moja ambalo barua haikulifikiria, maana nadhani walioiandika wangependa kulijua. Dunia inazunguka kuelekea mashariki, na mahali palipo karibu na ikweta panakwenda mbio zaidi. Roketi inayorushwa kuelekea mashariki inapata msukumo huo bure. Kwenye kituo cha Florida, Marekani, ni mita 408 hivi kwa sekunde. Kule Baikonur, wanakorushia Warusi, ni kama 323. Kasongo, nyuzi nne na nusu tu kusini ya ikweta, ni mita 464. Waitaliano walilijua hilo, wakaja kurushia setilaiti baharini karibu na Malindi, Kenya. Tarehe 12 Desemba 1970, siku ya sikukuu ya uhuru wa Kenya, walirusha kutoka pale setilaiti ya Wamarekani iliyopewa jina hilo hilo, Uhuru. Vijana wetu nao wameligundua wenyewe: kila roketi wanainamisha mashariki. Mmoja wao, ambaye kijiji chake kimechomwa, aliniambia akicheka, «Kutoka hapa, mashariki ni kwetu, Kabambare.»

Na madini? Neno koltani lina madini mawili ndani yake, na moja ni niobiamu, chuma kinachovumilia moto mkali. Mdomo wa injini iliyowatoa wanaanga wa Apollo kwenye njia ya kuuzunguka mwezi na kuwarudisha ulikuwa na niobiamu. Sisemi ilitoka kwetu. Nasema watoto wa jimbo linalochimba koltani wana haki ya kujua inafanya nini, kabla ya kujua bei ya kilo kwa mnunuzi.

Sitawadanganya kwamba mchezo unazuia vita. Hauzuii. Mvulana anayeijua njia ya kwenda mwezini anaweza bado kuchukuliwa msituni, au kushuka katika shimo la dhahabu upande wa Salamabila kwa sababu nyumbani hakuna bugali. Wanaosema kila kitu kinaleta amani, kuanzia mpira hadi sabuni, wametuchosha.

Na umeme: hapo walioandika wako na haki. Betri za kibanda ni chache. Mama anayekuja na simu saa kumi na mbili ili ampigie mumewe aliyebaki Wamaza asiambiwe arudi kesho kwa sababu watu wako mwezini. Simu zipite mbele, na kompyuta izimwe betri zikishuka nusu. Mwenye kibanda amekubali, nimeongea naye.

Jambo lingine barua haikulisema kabisa, nami linaniuma kuliko umeme: wasichana. Jioni nne nilizokwenda nimemwona mmoja tu, naye alisimama mlangoni na ndoo ya maji kichwani. Alitazama ndege moja ikianguka, akasema mabawa yako mbele mno, akaenda zake. Walisogeza mabawa nyuma, ikatua. Kama kuna kitu cha kuandikia barua kwa shefu, ni hicho.

Mwezi huohuo tunautafuta sote kwa macho kila Ramadhani, tunabishana umeonekana au haujaonekana, na hakuna anayeona aibu. Mtoto anayejua kwa nini unaonekana leo na haukuonekana jana hajamkosea mtu, akiwa amelala katika nyumba ya baba yake au kwenye turubai.

Shefu wa kartie atapokea pande zote mbili Jumamosi saa tatu asubuhi. Nitakwenda kuomba zamu ya wasichana kabla ya ndoo za jioni, na mwalimu wa fizikia, hata yule aliyetia sahihi, akae nao siku moja kwa wiki. Ninyi mnaotaka pafungwe, njooni na jibu la swali hili: saa kumi jioni, mtoto asiye na ada wala shamba aende wapi?

Anayetaka kuona kwanza kwa macho yake, kibanda kiko wazi kila jioni, isipokuwa siku ya mvua, maana siku hiyo betri hazijai.