Butoni ya kupita mwenzako: nani anaamua hatari?



Vijana wetu wa posti ya usiku wanapenda kuangalia Formule 1 siku ya Mungu, na kesho yake mabishano yanaendelea mpaka ndani ya basi ya kazi. Mwaka huu wa 2026 wanabishana juu ya ile DRS. Imeondolewa, kifaa kingine kimeingia pa nafasi yake, na watu wanajiuliza kama kipya hakitaleta hatari kubwa zaidi. Sisi wa sindika tumeona vizuri kuandika juu ya jambo hili, sababu si mambo ya michezo tu. Ni mambo ya mashini, ya butoni, na ya mtu anayeambiwa: "Ni wewe unaamua."

Tuanze na DRS yenyewe. Motokari ya mashindano iko na bawa nyuma. Bawa ile hainyanyui motokari kama ya ndege; inaisukuma chini, ili pine zishike barabara pa kona. Lakini inashika upepo pia, na upepo unapunguza mwendo. Kuanzia 2011, FIA, ndiyo wale wanaotunga sheria, waliruhusu kipande cha bawa kifunguke pa barabara iliyonyooka. Kwa mashindano, dereva akiwa chini ya sekonde moja nyuma ya mwenzake, anafinya butoni, bawa inafunguka, anapata kilometa kumi hivi zaidi kwa saa, anapita. Waliileta kwa nini? Watu walikuwa wanalalamika kwamba motokari zinafuatana tu kama zinaenda kuzika. Kifaa kilikuja kwa kufurahisha watazamaji. Hatusemi ni vibaya, nasi tunaangalia. Tunasema paka hivi: haikuwa dereva aliyeomba.

Na mbele ya DRS mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mwaka 2010 timu ya McLaren iligundua tundu ndani ya motokari ambalo dereva analiziba na mwili wake ili upepo upite ngambo ingine na bawa ya nyuma ipoteze nguvu. Timu zingine ziliiga, na kwa zingine dereva aliziba na mkono. Fikirini: mtu anakimbia karibu kilometa 300 kwa saa na mkono mmoja ku volani. Ile ilikatazwa mwaka uliofuata.

Sasa hatari ya DRS iko wapi? Kufungua haina shida. Shida ni kufunga. Dereva akikanyaga freni, bawa inajifunga yenyewe. Lakini kuko kona ambazo watu wanapita bila freni. Pale lazima dereva mwenyewe akumbuke kufunga, na asipofunga, motokari inafika pa kona bila uzito nyuma. Nyuma inaponyoka, na hakuna volani ya kuirudisha.

Madereva waliliona jambo hili mapema. Mwaka ule ule wa 2011 walikataa DRS ndani ya tuneli ya Monaco, sababu tuneli ile imepinda na wanaipita mbio kabisa kati ya kuta. Rubens Barrichello, aliyekuwa prezida wa chama cha madereva, GPDA, alisema wazi mbele ya mashindano. FIA ikakubali: butoni ikakatazwa ndani ya tuneli. Spa, kule Ubelgiji, ikakatazwa pia pa kona ya Eau Rouge. Lakini kwa siku za majaribio na za kutafuta nafasi, pa viwanja vingine, kila mtu alifungua mahali anapotaka, na mwenye kufungua mapema kuliko wote ndiye alipata mwendo. Walingoja mpaka 2013 kufunga mlango ule pia, na sababu waliyotoa ilikuwa usalama.

Lakini tunaomba musome vizuri jambo la Silverstone, kule Uingereza, mwaka 2018. Waliongeza sehemu ya tatu ya DRS iliyopita pa kona ya kwanza, Abbey. Hakuna aliyelazimishwa kuipita bawa ikiwa wazi. Waliachia dereva achague. Siku ya kwanza ya majaribio Romain Grosjean aliingia pale bawa ikiwa wazi, akagonga. Siku ya mashindano Marcus Ericsson naye, pale pale, bawa wazi, akagonga. Mwaka uliofuata sehemu ile iliondolewa.

Maneno yale, "dereva achague", sisi tunayajua. Pa kazi ambapo mtu analipwa kwa tani, hakuna kapita anayesema "ingia chini ya mwamba usiofungwa nguzo". Anasema tu: "Mwenzako ameingia." Dereva wa Formule 1 anaona pa ukuta wa saa kwamba mwenzake ameshinda yeye kwa sehemu ndogo ya sekonde, na anajua kwa nini. Mwenye kufunga bawa mapema anakuwa wa nyuma, na wa nyuma mwaka ujao haana kazi. Mtu akichagua chini ya uzito ule, hatuwezi kuita ule uchaguzi. Njia ya kweli ilikuwa ile ya Monaco: kukatazia wote pamoja, ili asiye na woga asipate faida juu ya mwenye akili.

Na si kila mara kosa ni la mtu. Mwaka ule ule wa 2018, pa Monza, Ericsson alikanyaga freni kama kawaida na bawa haikufunga. Mashini ilimuangusha. Motokari ilibingirika mara nyingi, na alitoka na miguu yake. Halafu aprili 2025, pa Suzuka kule Japani, kijana Jack Doohan wa Alpine hakufunga bawa pa kona ya kwanza, akagonga ukuta kwa nguvu sana. Timu ilisema ni yeye aliyekadiria vibaya. Tunakubali, mkono ulikuwa wake. Lakini kuko kitu ambacho ripoti ya kweli lazima iandike: majaribio ya kwanza ya siku ile alikuwa amekaa pembeni, motokari yake ikiendeshwa na mwingine. Alianza nyuma ya wenzake kwa kuzoea barabara, na kila mtu alijua kiti chake kinatafutwa. Baada ya mashindano mawili, matatu, mwezi wa tano, walimtoa.

Sasa ya mwaka huu. Bawa za mbele na za nyuma zinafunguka kwa wote pa sehemu zilizopangwa, hata usipofuata mtu. Kifaa cha kupita kimehamia ku nguvu ya umeme. Zamani mota ya umeme ilitoa kilowati 120. Sasa inaweza kutoa 350, karibu nusu ya nguvu yote. (Na ile mota imejaa nyuzi za shaba. Hatujui kama ni ya Katanga, lakini shaba ni shaba.) Sheria ilivyotangazwa mwaka 2024: wa mbele, akipita kilometa 290 kwa saa, umeme wake unaanza kupunguzwa, wa nyuma aliye karibu anaachiwa nguvu yote mpaka 337.

Hapa hatari imebadilika sura. Ya zamani ilikuwa motokari moja na kona yake. Hii mpya ni tofauti ya mwendo kati ya motokari mbili. Wa mbele akiisha batri katikati ya barabara iliyonyooka, anapunguza bila kukanyaga freni, bila taabu inayoonekana, na wa nyuma anakuja na yote. Tofauti ikifika kilometa 50 kwa saa, ni karibu metre 14 kila sekonde. Mwenye kutaka kuona inaweza kufanya nini, akumbuke Valencia mwaka 2010: Mark Webber alimkuta Heikki Kovalainen, aliyekuwa na motokari ya pole, akikanyaga freni mapema kuliko alivyofikiria. Webber alipanda juu ya gurudumu na kuruka hewani. Alipona. Siku ile hakukuwa butoni yoyote ya kupita. Ilikuwa tofauti ya mwendo tu.

Chama cha madereva kilianza 1961, kikakufa 1982, na kilifufuka pa Monaco mwaka 1994, baada ya Roland Ratzenberger na Ayrton Senna kufa pa Imola siku mbili zikifuatana. Watu ishirini na kitu tu, wengine matajiri sana, na bado waliona wanahitaji sindika. Kifaa cha 2026 kiliandikwa miaka mbele na watu wa mota na wa timu. Mwenye kukaa ndani anapimia hatari baadaye, akiwa kazini.

Kitu kimoja kizuri tunakiona pale: mvua ikinyesha, mkubwa wa mashindano anazima kifaa kwa wote mara moja, na hakuna dereva anayepoteza mshahara juu ya hilo. Kwa mkutano ujao wa delege, kila karieri ituletee jibu: kwenu nani anaweza kuzima, na akizima, siku ile inalipwa?