Kifafa: kutoanguka si kupona



Kuna mazoea katika familia zetu, hapa Njoro na huko juu migombani, ambayo yanawadhuru sana wagonjwa wa kifafa. Mtoto anaanzishiwa dawa. Miezi mitatu inapita bila kuanguka, na wazazi wanasema, "Sasa amepona." Vidonge vinawekwa kando. Haipiti muda, ugonjwa unarudi kwa nguvu, kisha lawama zinaiangukia dawa.

Yafaa tuelewe kwanza ugonjwa wenyewe. Ubongo hufanya kazi kwa mipigo midogo ya umeme inayopita kwa utaratibu kati ya chembe zake. Katika kifafa, chembe nyingi huwaka kwa pamoja bila mpango. Ndipo mtu huanguka na kutikisika, au hukodoa macho tu kwa muda mfupi, au hutetemeka mkono mmoja. Chanzo chaweza kuwa shida wakati wa kuzaliwa, malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, ajali ya kichwa, kiharusi, au mabuu ya tegu wa nguruwe yaliyokaa ubongoni. Wengine chanzo chao hakijulikani. Lakini si pepo wala laana ya ukoo, na mapovu ya mgonjwa hayamwambukizi mtu.

Dawa hufanyaje kazi?

Dawa hizi haziondoi chanzo cha kifafa. Kazi yake ni kuutuliza ubongo. Fenobabitoni, iliyoanza kutumika kwa kifafa mwaka 1912, huongeza nguvu ya breki ambazo ubongo unazo tayari. Fenitoini na kabamazepini hubana vijilango vya chumvi katika chembe za ubongo, ili mipigo isifuatane kwa kasi mno. Zote hulinda pale tu zinapokuwa ndani ya damu kwa kiasi cha kutosha. Fenobabitoni huchukua wiki mbili hadi tatu kufikia kiasi hicho, kwa hiyo anayeianza leo asikate tamaa akianguka wiki ijayo. Naye anayeacha dawa ghafla anaweza kupata mtikisiko usiokoma, na huo huua.

Hutumika wakati gani?

Si kila anayeanguka hupewa dawa hizi. Kwa kawaida huanzishwa mtu akishaanguka zaidi ya mara moja, bila homa wala sababu nyingine ya papo hapo. Mtoto aliyepata degedege la homa hupimwa na kutibiwa kile kinacholeta homa. Daktari huanza na dawa moja kwa kiasi kidogo, kisha huongeza polepole. Usingizi wa siku za mwanzo mara nyingi hupungua, lakini vipele vikitokea mwilini, mrudisheni hospitali siku hiyo hiyo. Kupunguza dawa hufikiriwa baada ya miaka miwili au zaidi bila kuanguka, tena kidogokidogo, kwa maelekezo ya daktari. Wapo watakaozitumia maisha yote, kama wafanyavyo wenye shinikizo la damu. Binti au mama anayeweza kupata mimba aonane na daktari mapema, kwa kuwa baadhi ya dawa, hasa valproeti, huweza kumdhuru mtoto tumboni. Asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe.

Matibabu haya si mageni nchini kwetu. Mwaka 1960 Dakta Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa huko Mahenge, na wagonjwa waliokuwa wametengwa na jamaa zao walipata nafuu kwa vidonge vya bei nafuu. Shirika la Afya Duniani linasema wagonjwa 7 kati ya 10 wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo. Hata hivyo, utafiti uliofanyika wilayani Hai ulionyesha kuwa zaidi ya nusu ya watu wazima wenye kifafa hawakuwa wakitibiwa.

Kwa maoni yangu, kinachotuangusha zaidi ni siri. Binti anapelekwa shule ya bweni na vidonge vimefichwa chini ya nguo sandukuni. Anaogopa kuvimeza mbele ya wenzake, anaruka siku mbili, anaangukia darasani, na siri iliyolindwa inajulikana kwa njia mbaya kuliko zote. Ingekuwa heri mzazi kumweleza matroni tangu siku ya kwanza. Vivyo hivyo kwa wachumba: mwenzi asiyejua hawezi kukumbusha dawa. Na anayeombewa aendelee kumeza vidonge vyake. Sala na dawa hazigombani.

Nyumbani, mgonjwa asikae karibu na moto bila kizuizi, asichote maji mferejini peke yake, na aepuke mbege na pombe nyingine. Akianguka, mlazeni ubavu, msimtie kijiko wala kitu chochote mdomoni. Mtikisiko ukizidi dakika tano, mwahisheni hospitali.

Wazazi, hesabuni vidonge kila Jumapili. Vikibaki vya wiki moja, nendeni kliniki kuchukua vingine. Msingoje viishe.